Msimamizi kasema chama nilichochagua ni kidogo mno. Nibadili mada?

Mwali wa Ubungo:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nipo mwaka wa mwisho, sayansi ya siasa. Nataka kuandika tasnifu juu ya Chama cha Kiliberali cha Sri Lanka. Kilianzishwa 1987 na Chanaka Amaratunga na wenzake, naye akafariki 1996 hata miaka 40 hajafika. Mwenzake Rajiva Wijesinha aligombea urais 1999, kura hazikufika asilimia 1. Msimamizi ananiuliza: kurasa 50 utazijaza na nini? Mimi kinachonivuta ni huyo Wijesinha. Aliacha kazi ya kufundisha chuo kikuu baada ya serikali kumvua Sirimavo Bandaranaike, waziri mkuu wa zamani, haki za kiraia mwaka 1980, na wala hakuwa mtu wa chama cha mama huyo. Nimeshasoma miezi miwili, roho inaniuma kuacha. Nifanyeje?

Mzee Kitabu:
Marahaba binti. Usibadili chama, badili swali. Ukiuliza kilipata kura ngapi, umemaliza kwa ukurasa mmoja. Uliza chama kidogo kinaingiaje bungeni. Sheria ya kule ilidai asilimia 12.5 ya kura za wilaya ndipo upate kiti. Mwaka 1988 ikashushwa hadi 5. Tena kati ya wabunge 225, 29 hutoka orodha ya taifa, wanateuliwa na vyama kulingana na kura. Usiichanganye na viti maalum vya kwetu, ile si ya wanawake peke yao. Wijesinha mwenyewe aliingia 2010 kwa orodha ya muungano uliokuwa ukitawala. Aliingia kwa mlango wa nani, na alilipa nini? Hapo kurasa 50 hazitatosha.

Na uanzie nyuma, kura ya maoni ya Desemba 1982. Kwenye karatasi ya kura, alama ya taa ilikuwa ndiyo, ya chungu hapana. Taa ikashinda, bunge la 1977 likaongezewa miaka 6 bila uchaguzi. Bila kuelewa kura ile, huwezi kuelewa waliberali hawa walikuwa wanalilia nini.

Bint Pangani:
Naungana na mzee, ila dada usiwapende mpaka ukashindwa kuwauliza. Amaratunga na Wijesinha wote wawili walisoma Oxford, Uingereza. Mkulima wa mpunga Anuradhapura, anayeongea Kisinhala tu, lugha ya wengi kule, alifikiwa na hoja zao? Sura nzima hiyo.

Mwali wa Ubungo:
Asanteni sana. La lugha sikuwa nimeliwaza kabisa. Jumatatu nampelekea msimamizi swali la orodha ya taifa.