Skeiti za barafu za kubana kwenye buti: taya haishiki soli, ufunguo hakuna

FundiGerezani

Wakuu habari za saa hizi. Kuna mteja ameleta jozi ya skeiti za barafu za zamani, zile zisizo na kiatu chake: ni chuma kitupu, unakifunga chini ya kiatu ulichovaa. Anasafiri kwenda Uswidi Januari na anataka kuzitelezea kweli, si pambo la ukutani.

Bapa la chini lina urefu wa sm 29. Juu yake kuna vikanyagio viwili. Cha mbele kina taya mbili zenye meno, kulia na kushoto, na ubavuni kinachomoza kipini cha mraba kama mm 6. Cha nyuma kina ukuta mfupi wa kuzuia kisigino na matundu mawili ya mkanda. Mkanda wenyewe umekauka na kukatika. Ufunguo hakuna. Skeiti moja imegoma kabisa kwa kutu, nyingine nimeizungusha kwa koleo mpaka ikabana kiatu, lakini nikivuta kwa mkono taya inachomoka.

Viatu alivyoleta tuchague ni viwili, vyote namba 42: raba za kupandia mlima zenye soli ya povu, na buti za kazi zenye chuma kidoleni, soli ya kumimina. Naomba kujua: ufunguo niuchonge vipi, kiatu kipi kinafaa, na je, si bora nizipigilie moja kwa moja kwenye buti tumalize kazi?

Kalipa_TZ

Mkuu, hiyo ni aina ya skrubu na ufunguo. Ndani ya kikanyagio cha mbele kuna skrubu moja iliyolala kukata upana wa mguu. Nusu yake ina uzi wa kulia, nusu nyingine uzi wa kushoto, na kila taya imekaa kwenye nusu yake. Ukizungusha kipini upande mmoja taya zote mbili zinakuja katikati kwa mwendo sawa, ukirudisha zinaachana. Mtindo huu ulienea sana Marekani baada ya Everett Barney wa Springfield, Massachusetts, kupata hataza yake miaka ya 1860.

Usiuchanganye na ule wa Kanada wa John Forbes, ambao kiwanda cha Starr kule Nova Scotia kiliutengeneza kwa wingi. Ule hauhitaji ufunguo. Una wenzo chini ya kikanyagio: ukiusukuma, taya za mbele na za kisigino zinabana kwa pamoja, na wenzo ukishavuka katikati unajifunga wenyewe. Nautaja kwa sababu ukitafuta vipuri mtandaoni utaletewa picha za aina zote mbili, na havibadilishani.

Kuhusu iliyogoma: usiilazimishe. Kwa kuwa skrubu ina nyuzi za pande mbili, ukiipinda hapo katikati hakuna tena cha kuokoa, na kuchonga nyingine kwenye mashine ya kukereza ni gharama kuliko skeiti zenyewe. Loweka kikanyagio kwenye mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, usiku mzima au mbili. Sugua nyuzi kwa brashi ya waya laini ya shaba. Kisha zungusha robo mzunguko mbele, robo nyuma, ukiongeza oili, mpaka ikimbie yote. Kabla ya hapo piga alama kwa tindo kuonyesha taya ipi ya kulia na ipi ya kushoto. Ukizichomoa zote mbili kisha ukaanza kuzirudisha kwa nyakati tofauti, moja itafika katikati kabla ya mwenzake na kiatu kitakaa upande.

Ufunguo: pima mraba kwa kalipa, usiamini macho. Inaweza kuwa robo inchi, yaani mm 6.35, lakini kipini kilicholika kinaweza kusoma 6 kamili. Chukua kipande cha chuma cha duara cha mm 12, toboa kwa keekee ya mm 6 kina cha mm 15, kisha panua pembe nne kwa tupa ndogo ya mraba mpaka kipini kiingie bila kucheza. Mpini weka wa T, urefu usizidi sm 7 kwa jumla. Mpini mrefu utampa nguvu ya kupasua soli bila kujua. Koleo achana nayo kabisa, inakula pembe za mraba.

Bi Mshono

Kaka, Kalipa amekuelekeza vizuri kwenye chuma, lakini tatizo lako kubwa ni kiatu. Taya haishiki kiatu. Inashika ukingo wa soli unaochomoza nje ya ngozi. Kama ukingo haupo, hata taya mpya kutoka kiwandani itachomoka.

Vyuma hivi vilibuniwa wakati buti nyingi zilikuwa na soli ngumu ya ngozi, ukingo unachomoza mm 4 hadi 6 kuzunguka mbele, na kisigino cha tabaka za ngozi zenye kuta zilizosimama wima. Meno ya taya yanauma kwa chini na kwa pembeni ya ukingo huo, na ngozi ngumu hairudi nyuma.

Raba za povu zitupe nje ya hesabu. Ukibana, povu linajikunja. Ukisimama juu yake linabanwa zaidi, taya inabaki imelegea. Ndiyo maana ya kwako inachomoka. Ukizidisha kubana, gundi kati ya soli na juu inaachia, na juu ya barafu soli inabanduka na skeiti yake.

Buti za kazi nazo zina mawili. Soli ya kumimina mara nyingi imekaa sawa na ubavu wa kiatu, hakuna mdomo wa kushika. Halafu kile chuma cha kidoleni kinapitisha baridi; Januari ya Uswidi vidole vitakufa ganzi mapema.

Mtafutie buti za mtumba zenye mshono wa ukingo, zile unaona uzi unazunguka juu ya soli. Soko la Karume zipo, buti za kijeshi za zamani au za kutembelea porini. Kagua haya: zifike juu ya kifundo, ukizishika kisigino na ncha ukazikunja, zikunjike penye vidole tu, si katikati, maana yake ndani kuna kile chuma cha mgongo wa soli, na namba iwe inaruhusu soksi moja nene ya sufu bila kubana.

Kisha fanya hivi. Ng'oa soli ya mpira ya chini. Weka tabaka la ngozi ya soli ya mm 5 kwa gundi, halafu lishone kwenye ukingo kwa uzi wa nailoni uliotiwa nta. Gundi peke yake usiitegemee, taya inavuta kwa ubavu na huo ndio upande ambao gundi ni dhaifu. Kata ukingo uache mm 5 nje ya mshono, usawazishe kwa tupa mpaka pande zote mbili zilingane. Pale meno yanapouma, pitisha nta ya moto ikolee, isinyonye maji. Kisigino nacho kiwe cha ngozi au mpira mgumu, kimo mm 20 hadi 25, nyuma pawe wima ili paegemee ule ukuta mfupi.

Soli ya tairi? Najua itakujia akilini. Ni imara, ila imezaliwa na mkunjo wake na inataka kuurudia. Taya inabana leo, kesho imelegea. Iache kwenye katambuga.

Abuu_Ubungo

Bi Mshono shikamoo. Mimi naona mnamzungusha fundi bure. Si aweke mikanda mitatu ya nailoni, mmoja vidoleni, mmoja katikati, mmoja kifundoni, amalize? Waholanzi wameteleza kwa mikanda karne na karne.

Bi Mshono

Marahaba. Wameteleza, ndiyo, lakini zile skeiti zao zina kikanyagio cha mbao kirefu kinachobeba mguu wote, na mikanda inapita ndani ya mbao kupitia mipasuo. Nyingine zina skrubu yenye ncha inayosimama kutoka kwenye mbao na kuingia kwenye kisigino cha buti. Mbao inashika soli isiteleze pembeni, mkanda unabana kwenda chini tu. Skeiti ya fundi ina vikanyagio viwili vidogo vya chuma laini. Mkanda peke yake hapo hauzuii mguu kuzunguka. Akijisukuma kwa nje, ncha ya kiatu inaenda kwake na bapa linaenda kwake.

Na mkanda wa vidoleni ukikazwa vya kutosha kuzuia hilo, unakata damu. Malalamiko hayo ndiyo yaliyowasukuma wabunifu wa karne ya 19 kutafuta taya.

Nailoni kwenye kifundo nakubali. Upana mm 20, bizimu ya chuma ya kujifunga kwa meno, si ile ya plastiki ya kubofya. Plastiki kwenye baridi kali inakuwa dhaifu na inavunjika. Mkanda upite kwenye matundu ya nyuma, uzunguke mbele ya kifundo mara moja, urudi. Mwisho wake uchomwe kwa moto usichanike.

Mswahili_wa_Umeå

Salaam kutoka kwenye baridi yenyewe. Mwambieni mteja kitu kimoja kabla hajamlipa fundi: huku Uswidi watu wengi wanaoteleza kwenye maziwa na pwani wanatumia skeiti ndefu za safari. Bapa lake ni kati ya sm 45 na 55, linachukuliwa peke yake na kufungwa kwenye buti ya aina ya kuteleza kwenye theluji. Chini ya ncha ya buti kuna kijiti cha chuma kilicholala, unakikanyagia kwenye mtego, unasikia "tak", imeingia. Kutoa unabonyeza au unavuta kitasa. Kisigino kinaachwa huru. Zipo pia za mikanda kwa ajili ya buti ngumu za mlimani, kisigino kimefungwa.

Bapa la sm 29 linafaa barafu laini ya uwanjani au kidimbwi kilichofagiliwa. Juu ya barafu ya ziwa yenye nyufa, bapa fupi linaingia ndani ya ufa na kusimama ghafla huku yeye bado anakwenda.

Abuu_Ubungo

Kisigino huru? Si ndiyo kuvunja mguu huko?

Mswahili_wa_Umeå

Hapana kaka. Kisigino kinapanda mwisho wa msukumo tu, bapa linabaki kwenye barafu muda mrefu zaidi, na msuli wa nyuma wa mguu unafanya kazi yake. Wale wa mbio za uwanjani nao wana bapa lenye bawaba penye vidole na springi ya kulirudisha. Msimu wa 1996/97 Waholanzi walianza kushinda nazo, na kwenye Olimpiki ya Nagano 1998 rekodi zilivunjwa moja baada ya nyingine. Ila hilo ni kwa kitu kilichobuniwa hivyo. Skeiti ya mteja ikiachia kisigino ni hitilafu, si ufundi.

FundiGerezani

Nawashukuru sana. Mteja nimemweleza, bado anazitaka hizi, atatumia kidimbwi kilichofagiliwa. Buti zenye mshono zimepatikana. Iliyokuwa imegoma imeachia kwa mafuta ya taa. Swali la kupigilia halijajibiwa, na naomba utaratibu wa kuzifunga nimwandikie.

Kalipa_TZ

Kupigilia kunawezekana kama atakubali buti hizo ziwe za barafu tu. Jackson Haines, Mmarekani aliyekuwa anacheza Ulaya miaka ya 1860, alikuwa na bapa lililofungwa moja kwa moja kwenye buti, na skeiti za kisasa zote za kucheza ni wazo hilohilo. Lakini usitumie misumari. Mtikisiko unaitoa. Ni ribiti za shaba zenye washa kwa ndani, au skrubu za mm 4 kwenye tundu la mm 2.5. Na kikanyagio chako cha mbele kina taya na skrubu katikati, na vyote viwili havina matundu ya kufungia kwenye soli. Ukivitoboa umeharibu kitu kizima. Mimi nisingefanya.

Utaratibu wa kufunga. Akae kwenye kiti, afungue taya kabisa, afute theluji na mchanga chini ya soli. Chembe moja ya barafu kati ya soli na kikanyagio ikiyeyuka, taya imelegea. Kisigino kwanza, kisukumwe nyuma mpaka kigonge ukuta. Kisha ncha ishuke. Mstari wa bapa utoke katikati ya kisigino na kuishia kati ya kidole gumba na cha pili. Ukilala upande wa ndani au wa nje, kifundo kitapinda muda wote, na watu wanasema "miguu yangu dhaifu" kumbe ni ufungaji.

Abane kwa ufunguo mpaka meno yaguse, halafu nusu mzunguko hadi mmoja kamili. Asimame, auhamishe uzito mguu hadi mguu, akae tena, akaze kidogo. Ngozi inajikunja kwa uzito wa kwanza, kwa hiyo kukaza mara ya pili ni lazima. Mkanda wa kifundo mwisho. Jaribio: ashike bapa kwa mikono miwili alizungushe kushoto kulia. Likisogea kwenye soli hata milimita mbili, asiingie barafuni.

Ufunguo aufunge kwa kamba shingoni au mfuko wenye zipu. Ukipotea akiwa katikati ya kidimbwi, atatoka kwa magoti.

Kwenye skrubu aweke oili nyepesi ya cherehani, si grisi. Grisi kwenye baridi inaganda na taya hazitazunguka. Na wewe usimkabidhi zikiwa kavu kabisa: kwa hewa yetu ya bahari, chuma kilichopigwa msasa kinaota kutu ndani ya siku chache. Paka oili, zungushia kitambaa, usiziweke kwenye mfuko wa ngozi.

Bi Mshono

Nyongeza moja kwa fundi. Ukishona tabaka la mm 5, kimo cha soli kimebadilika, kwa hiyo pima upana wa mdomo wa taya kwenda juu kabla hujakata ngozi. Kama mdomo unaingiza mm 8 tu na soli yako imefika 10, usisage taya. Punguza ngozi kwa chini kwenye sehemu ya meno pekee, upana wa sm 3 kila upande, na uache sehemu nyingine unene wake.