Mkutano wa parokia Uingereza ni wa kanisa, wa serikali au wa mwenye ardhi?

Mkaazi wa Shela:
Assalamu alaykum, jamaa. Mwana wa ndugu yangu yuko Uingereza, katika kijiji ambacho karibu ardhi yote na nyumba nyingi ni mali ya ukoo mmoja. Anahudumia ng'ombe wa maziwa, na nyumba anayokaa amepewa pamoja na kazi. Juzi alinitumia picha ya ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli. Ndani yake mna karatasi ya paka aliyepotea, lalamiko kwamba ua wa miti umeziba njia ya miguu, tangazo la kijishamba (kipande cha ardhi cha kukodi cha kulima mboga) kilicho wazi, na mwaliko wa mkutano wa mwaka wa parokia. Kwa kuwa yeye ni Mwislamu na nyumba si yake, anachelea kuonekana amejiingiza katika mambo ya kanisa, au amemvunjia tajiri wake heshima. Je, ana haki gani katika mkutano huo?

Karani Mstaafu, Malindi:
Wa alaykumu salaam. Neno lenyewe ndilo linalopotosha, maana sisi tukisikia parokia tunamwona padri. Sheria ya mwaka 1894 ilitenganisha mambo hayo: ya ibada yalibaki kwa kanisa, na ya kijiji yakapewa baraza la kiraia linalochaguliwa na wakaazi, ambalo ndilo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa huko. Madiwani wake kwa kawaida hawana mshahara. Anayelipwa ni karani, na mimi siwezi kusema wamekosea, kwani karani ndiye ajuaye daftari liliko. Fedha za baraza hutokana na fungu linaloongezwa juu ya kodi ya nyumba, si ile ya upangaji bali ile inayokusanywa na halmashauri kubwa, nazo hutumika kwa viwanja vya michezo, mabenchi, makaburi na hivyo vijishamba. Kijishamba kwa kipimo cha jadi ni kama mita 250 za mraba, na sheria ya mwaka 1908 inalitaka baraza liwatafutie ardhi wakaazi wanaovihitaji.

Mkutano wa mwaka hufanyika kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni, na wenyewe ni wapiga kura wa kijiji, si madiwani. Kenya imo katika Jumuiya ya Madola, kwa hivyo raia wetu aliyetimiza miaka 18 na anayeishi huko kihalali aweza kujiandikisha. Akishaandikwa, kura yake ni moja na ya tajiri wake ni moja.

Fundi wa Langoni:
Kuhusu ule ua, asiogope kusema. Njia ya miguu ya umma hubaki ya umma hata ikipita katikati ya shamba la mtu, na mwenye ua ndiye anayepaswa kuukata. Hapa Lamu punda aliyebeba mawe akikutana na kichochoro kilichozibwa, mtaa mzima hujua kabla ya adhuhuri.

Nyumba Bila Kiwanja, Malindi:
Karani amelieleza baraza vyema, lakini mimi ningemshughulikia kijana kwa upande wa nyumba. Huku kwetu mtu humiliki nyumba juu ya kiwanja cha mwenzake na kukilipia kodi. Nami nimeishi hivyo miaka mingi, nikigombana na mwenye ardhi kila nilipotaka kuongeza hata choo. Kwa sheria ya Kiingereza, jengo hufuata ardhi, ndiyo maana ukoo mmoja huweza kumiliki kijiji na kupaka milango yote rangi moja. Baraza la parokia halina uwezo wa kumzuia tajiri asimhamishe mfanyakazi. Ipo sheria ya mwaka 1976 iliyowapa wafanyakazi wa mashamba kinga ya makazi, na nyingine ikafuata mwaka 1988, lakini kinga hizo zina masharti. Kwa hivyo asome mkataba wake leo, aone kazi ikiisha nyumba inakuwaje na atapewa muda gani, kisha ndipo aende mkutanoni.

Mkaazi wa Shela:
Ahsanteni sana. Nimemsomea yote kwa simu. Mkataba ameutoa kabatini, na amegundua kwamba karani wa parokia ni yule bibi anayemuuzia mayai kila Ijumaa. Atamuuliza habari za kujiandikisha, na za kile kijishamba pia, kwa sababu anataka kupanda mchicha.