Mtoto analetwa kituoni akiwa amelala: tumkague vipi asubuhi?

Mlezi wa Likoni
Assalamu alaykum, na salamu kwa ndugu wote. Ninaendesha kituo kidogo cha kulelea watoto huku Likoni, chenye watoto wa miezi sita hadi miaka mitatu. Wazazi wengi hufanya kazi ng'ambo, kisiwani au Changamwe, kwa hiyo hutufikia alfajiri wakikimbilia feri, na mtoto hukabidhiwa mlangoni akiwa bado usingizini, amefunikwa leso. Taabu hujitokeza mnamo saa nne, mtoto anapopata homa au anapoanza kuharisha, nami siwezi kujua kama alikuja nayo au imemwanzia hapa. Mzazi nikimpigia simu, hunijibu kwamba alimwacha mzima. Ninaomba kujua mnawakagua vipi, mnaandika nini, na ni mtoto wa hali gani asiyepokelewa.

Muuguzi wa Watoto
Bi Mlezi, waalaykumu salaam. Mtoto aliyelala hakaguliki, kwa hiyo mwamsheni huku mzazi akiwa bado amesimama pale, hata kama atanung'unika. Mtazameni usoni na machoni, funueni nguo muone ngozi ya kifua na mgongo, sikilizeni anavyopumua, kisha mpimeni joto kwapani. Likifika nyuzi 37.5 au zaidi, hiyo ni homa.

Swali moja halipaswi kusahaulika: amepewa dawa gani, na saa ngapi? Dawa ya maji ya paracetamol hushusha homa kwa saa nne hadi sita tu. Aliyenyweshwa saa kumi na moja alfajiri atawafikia akiwa baridi na mchangamfu, na joto litampanda tena saa nne au saa tano. Ninashuku kwamba baadhi ya homa zenu za saa nne zinatoka huko, na si lazima mzazi awe anadanganya. Huenda kweli alimwona amepoa.

Kifua kikiwatia shaka, hesabuni pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Kwa aliye chini ya mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, msimngojee mzazi: mpelekeni hospitali mkiwa mnampigia simu njiani. Pwani yetu ina malaria na pia homa ya dengi, hivyo homa yataka kupimwa, haitibiwi kwa kukisia.

Mlezi wa Mikindani
Ninaongezea upande wa daftari. Letu ni la kawaida la mistari, na kila mtoto ana ukurasa wake badala ya ukurasa wa siku, kwa sababu mtoto hulinganishwa na jana yake, si na mwenzake. Tunaandika saa aliyofika, joto, dawa aliyopewa nyumbani, alichokula, na nepi alizobadilishwa, za mkojo na za choo. Hizo za mkojo ndizo zinazonisaidia kuliko zote: mtoto anayeharisha ambaye nepi yake imebaki kavu kwa saa sita anaishiwa maji, hata kama bado anatabasamu. Mzazi hutia sahihi asubuhi na jioni, na tangu hapo ubishi umepungua sana.

Kuhusu ngozi, msikae mkingoja wekundu, kwani kwenye ngozi nyeusi aghalabu hauonekani, pitisheni kiganja. Wakati wa kaskazi vipele vya joto hujaa shingoni na kwenye mikunjo, na hivyo havimzuii mtoto kuja. Vikiwa na maji ndani na vikatokea tumboni na mgongoni kwa mafungu, tunahofia tetekuwanga, na mtoto hukaa nyumbani hadi vyote vifanye magamba.

Mama wa Wawili
Ninayasoma haya kama mzazi anayelipwa kwa kutwa. Mtoto wangu akirudishwa mlangoni, siku hiyo sina ujira, na ada ya kituo huenda nimeshailipa. Mkitaka tuseme ukweli kuhusu dawa ya alfajiri, elezeni mapema ni ugonjwa gani unaomzuia mtoto, ada ya siku hiyo isogezwe mbele, na kila mzazi aandikishe bibi au jirani wa kumchukua mtoto. La sivyo, watu wataendelea kuficha.

Muuguzi wa Watoto
Dada, hoja yako ni ya haki. Mafua mepesi kwa mtoto anayekula na kucheza si sababu ya kumrudisha. Ingekuwa hivyo, msimu wa mvua vituo vingefungwa.

Mlezi wa Likoni
Nimewaelewa, nawashukuru. Limebaki moja: mzazi akiniachia chupa ya dawa, nimpe mtoto?

Muuguzi wa Watoto
Mpeni iwapo imeandikwa jina la mtoto huyo, kipimo na saa, nanyi mwandike daftarini mara tu mnapompa, maana walezi wakiwa wawili ni rahisi apewe mara mbili. Chupa isiyo na maandishi irudisheni kwa mzazi papo hapo. Anayeharisha anzeni kumnywesha maji ya ORS, yaani ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwa kijiko, kidogo kidogo, huku mkimngoja wa kumchukua.