Albinen na faranga 25,000: kijiji kinalipa watu wahamie, hii ni haki kweli?

MkazaMwana_Valais
Habari zenu jamani. Nimeileta hapa maana ile habari ya "Uswisi wanalipa watu wakaishi kijijini" imerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp wiki hii, na kila ikirudi inakuja na chumvi mpya. Mimi nimeolewa huku Valais, kantoni (kama mkoa) ya Uswisi, na kijiji chenyewe nakijua, kinaitwa Albinen, kiko juu mlimani kama mita 1,300, na wakati wanapitisha huo mpango walikuwa watu 240 hivi. Familia tatu zilihama zikaondoka na watoto wanane, basi shule ikafungwa. Vijana wa pale pale wakakusanya saini wakaibana manispaa, na Novemba 2017 wakazi wakakaa kikao wakapiga kura, wengi wakakubali: mtu mzima anayehamia anapewa faranga 25,000, kila mtoto 10,000. Baba, mama na watoto wawili hiyo ni 70,000.

Masharti ndo watu wanayakata wakisambaza. Uwe chini ya miaka 45, uwe raia wa Uswisi au una kibali C (kile cha mgeni cha ukaazi wa kudumu), ununue au ujenge au ukarabati nyumba ya kuanzia faranga 200,000, uishi hapo miaka 10, ukiondoka kabla unarudisha hela.

Swali langu ni hili: ni haki kodi ya kijiji kumpa mgeni mwenye 200,000 mkononi wakati mzee aliyebaki pale maisha yake yote hapati kitu? Mimi nasema ni haki. Nimepita pale jioni ya Novemba, giza limeshaingia, nikahesabu madirisha yenye taa kwenye ule mtaa wa juu wa nyumba za mbao zilizokuwa nyeusi kwa jua. Kumi na moja. Nyingine zimefungwa mbao za madirisha, wenyewe wako mjini, wanakuja wiki mbili za theluji.

Deo_Kigamboni
Kwa hiyo ukifika tu unapewa dola elfu 70? Wabongo tunaruhusiwa kuomba au mpaka uwe mzungu?

MkazaMwana_Valais
Kaka Deo, soma juu. Sio dola, sio ukifika tu. Ilipotoka hii habari barua pepe zilimiminika kule kutoka dunia nzima, mpaka manispaa ikabidi ieleze kwamba huo ni mpango wa kuokoa kijiji.

Kibo_Side
Mimi niseme tu ukweli. Kijiji kikifa kimekufa, kila siku vijiji vinakufa duniani, wala sioni kwa nini tulie. Halafu kinachonishangaza ni nyie mlioko huko mnaotetea kijiji cha watu kwa uchungu namna hii, wakati kwenu nyumba ya bibi imeota nyasi mpaka mlangoni na popo ndo wapangaji. Mmewahi kuhesabu taa za kwenu?

Mzee_wa_Basel
Kibo_Side, hilo la mwisho umelitupa kama jiwe gizani na limenipata mimi. Nyumba ya mama yangu Kibosho ina taa, na taa hiyo nailipia mimi kila mwezi, pamoja na mshahara wa kijana anayekaa pale. Usiseme "nyie" kama unatujua.

Ila umenikumbusha kitu. Huku pasipoti yao haiandiki ulizaliwa wapi, inaandika "kwenu wapi". Mswisi anaweza kuzaliwa Zurich, baba yake kazaliwa Zurich, babu yake kazaliwa Zurich, lakini pasipoti inaandika kijiji fulani cha mlimani ambacho yeye hata hajawahi kukikanyaga, kwa sababu ukoo ulitoka huko. Kwa hiyo wanaosema Mwafrika ndo mtu wa "kwenu wapi" na mzungu hana kwao, waje wasome hiyo pasipoti. Sisi na hawa kwenye hili ni ndugu.

Kibo_Side
Mzee shikamoo, sikukulenga wewe. Ila kuandikwa kwenye pasipoti kuna faida gani kama hukanyagi? Hiyo ndo hoja yangu hasa, wanapenda jina la kijiji, kijiji chenyewe hawakitaki.

Mzee_wa_Basel
Marahaba. Faida ilikuwepo. Zamani ukifilisika, ukiugua, ukiwa mjane huna kitu, kijiji cha kwenu ndicho kilipaswa kukulisha, hata kama uliishi mbali miaka 30. Unarudishwa kwenu, wenzako wanakubeba. Huo ndo undugu ambao sisi tunaupoteza.

Mama_Wawili_Bern
Samahani mzee wangu, hapo nakukatalia, na nakukatalia kwa heshima zote lakini siwezi kunyamaza. "Wenzako wanakubeba"? Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, nawaogesha, nawalisha, na baadhi yao ndo hao hao waliobebwa. Unajua walivyobebwa? Mtoto yatima, au wa mama asiye na ndoa, au wa maskini tu, manispaa inamchukua inampeleka kwa mkulima akafanye kazi. Na sehemu nyingine walikuwa wanawapigia mnada hadharani, tena mnada wa kinyumenyume, anayepewa mtoto ni yule anayetaka malipo kidogo kuliko wote kwa kumlisha. Kidogo kuliko wote! Manispaa inaokoa hela, mkulima anapata mtumwa mdogo. Na hili la kuwapeleka kwa wakulima halijaisha zamani za mababu, limeingia mpaka miaka ya 1960 na kupita.

Kuna bibi mmoja namhudumia, jina silisemi, mpaka leo ukimletea sahani anakula haraka haraka mkono wa kushoto umeizunguka. Ana miaka zaidi ya 80. Nilipouliza, mwenzangu wa zamu akaniambia, huyu alikuwa mtoto wa kupangishwa.

Serikali imekuja kuomba radhi mwaka 2013, waziri Simonetta Sommaruga ndo alisimama akasema. Na sheria ya kuwapa kifuta jasho imeanza 2017. Unajua kila mmoja kapewa shilingi ngapi? Faranga 25,000. Mwaka ule ule, hela ile ile na ya Albinen. Mtoto aliyeibiwa utoto wake wote na mtu mwenye nyumba ya 200,000 wamepewa bei moja. Mimi hilo haliniingii.

MkazaMwana_Valais
Dada nimesoma nimenyamaza kidogo. Lakini hizo ni hela mbili tofauti, ile ya waathirika ni ya serikali kuu na hii ni ya kijiji kimoja, watu 240 hawakupanga bei ya mateso ya mtu. Usiwabebeshe.

Mama_Wawili_Bern
Najua ni mifuko miwili. Nimesema haliniingii, sikusema ni kosa la Albinen.

Kamau_Lausanne
Wacha niongeze hapo. Vijiji vya huku havikuanza kulipa watu 2017. Mwaka 1855 kijiji cha Niederwil kule Aargau, siku hizi kinaitwa Rothrist, kilitoa watu wake 305 kwa mpigo kikawapeleka Amerika, manispaa ndiyo iligharamia safari. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa maskini na ilikuwa nafuu kuwalipia meli kuliko kuwalisha kila mwaka. Sasa ona vile dunia imegeuka. Babu alilipwa aende, leo mgeni analipwa aje. Mimi hii ndiyo naiona kubwa kuliko zote kwa huu mjadala, kijiji siku zote kimekuwa kikihesabu watu wake kwa pesa, saa ingine ni wengi mno saa ingine ni wachache mno, na anayehesabiwa haulizwi.

Deo_Kigamboni
Duh. Kumbe na wao walikuwa wakimbizi wa njaa. Hii ngoja niwapelekee kwenye grupu.

Mzee_wa_Basel
Mama Wawili nimekuelewa, na hilo la mnada nalijua, nilikosea kulipamba. Lakini tusitupe mtoto na maji ya kuogea. Kijiji kukaa chini kikapiga kura hela yake iende wapi, hiyo ni demokrasia ya miaka 700, sisi kwetu diwani anakuja na bahasha imeshafungwa.

Mama_Wawili_Bern
Miaka 700 ya nani mzee? Wanawake wa Uswisi wamepata kura ya taifa Februari 1971! Bibi yangu kule Tanga alipiga kura kabla ya bibi yeyote wa Bern. Hizo 700 toa 650 ndo uniambie.

MkazaMwana_Valais
Na hapo ndo watu wa milimani ninapowatetea tena. Kijiji cha kwanza wanawake kutumbukiza kura Uswisi hakikuwa Zurich wala Geneva, kilikuwa Unterbäch, huku huku Valais, kijiji cha mlimani vile vile. Machi 1957. Serikali kuu ilitaka kuwalazimisha wanawake kwenye utumishi wa ulinzi wa raia, ikaitisha kura, wanaume peke yao ndo wapige. Manispaa ya Unterbäch ikasema haiwezekani, wanaobebeshwa mzigo waulizwe. Wanawake 33 kati ya 86 wakaenda, wa kwanza alikuwa Katharina Zenhäusern, mke wa mwenyekiti wa manispaa. Kura zao ziliwekwa sanduku la peke yake.

Kamau_Lausanne
Na zikahesabiwa?

MkazaMwana_Valais
Hazikuhesabiwa. Zilitangazwa batili. Lakini waliingia chumbani wakapiga, na watu wengine kijijini hawakufurahi kabisa.

Kibo_Side
33 kati ya 86. Wengine 53 walibaki jikoni. Ndo kusema hata wenyewe hawakutaka.

Mama_Wawili_Bern
Kibo_Side acha. Wewe hujawahi kuishi kijiji ambacho kila mtu anakuona unapopita. Hao 33 walipita mbele ya macho ya majirani, mashemeji, padri. Unajua ujasiri wa kutembea hatua hamsini namna hiyo?

Kibo_Side
Nimekulia kijijini dada yangu, usinifundishe macho ya majirani.

Kamau_Lausanne
Tafadhali turudi kwa kura, kwa sababu hapa ndipo swali langu liko na hakuna mtu ameligusa tangu asubuhi. Albinen mtu wa kibali C anakubaliwa. Anapewa 25,000, anajenga, analea watoto hapo, analipa kodi hapo. Kikao cha kijiji kikiitwa, yeye anakaa nyumbani, sababu Valais mgeni hana kura hata ya kijiji. Kwetu Vaud mgeni akitimiza miaka yake anapiga kura ya manispaa, Neuchâtel wameruhusu tangu 1849. Sasa mnataka damu mpya ama mnataka walipa kodi wasio na mdomo?

MkazaMwana_Valais
Anaweza kuomba uraia.

Kamau_Lausanne
Miaka 10 nchini, na manispaa nayo ina neno lake kwenye ombi. Si unakumbuka yule mama Mholanzi wa Gipf-Oberfrick aliyelalamikia kengele za ng'ombe, kijiji kikamkataa mara mbili mpaka kantoni ikaingilia ndiyo akapewa 2017?

Deo_Kigamboni
Ngoja ngoja, kukataliwa uraia kwa ajili ya kengele ya ng'ombe??

Mzee_wa_Basel
Sasa na yeye, umehamia kwa watu unataka ng'ombe wao wanyamaze? Ukienda kwa wenye chongo nawe funga jicho. Mimi namkatalia na mimi ni mgeni.

Mama_Wawili_Bern
Mzee hiyo methali ina mwisho wake. Huwezi kufunga jicho miaka 20.

Kibo_Side
Kengele ile ni kubwa jamani, inaning'inia shingoni kwa mnyama usiku na mchana. Mimi hapo niko na yule mama.

MkazaMwana_Valais
Hapa tumeshatoka Albinen. Kamau nakujibu: mimi mwenyewe nina kibali C. Nalipa kodi, nimezaa hapa, na jioni ya kikao mume wangu anavaa koti anatoka, mimi nabaki naosha vyombo nasubiri aje anisimulie. Kwa hiyo usidhani sijui. Na bado ningepiga kura ya ndiyo kama ningekuwa nayo, kwa sababu mtoto wa miaka sita asubuhi ya theluji anashushwa na basi mpaka Leuk kwenda kusoma, wakati darasa liko hapo hapo kijijini limefungwa.

Kamau_Lausanne
"Kama ningekuwa nayo." Dada, hilo ndilo nauliza.