Kompyuta mbili za kuzamia, moja dakika 55, nyingine 36: nifuate ipi?

Kamba_Nanga: Habari za mchana wakuu. Nipo ziwani huku Mwanza, mchana huu tunashuka mita 18 kukagua nanga za vizimba vya samaki. Nina kompyuta mbili za mkononi. Nikizipangia mita 18 kwa hewa ya kawaida, ya kwanza (inatumia hesabu za DSAT) inanipa dakika 55 bila kulazimika kusimama wakati wa kupanda. Ya pili (hesabu za Bühlmann, tahadhari imewekwa 40/85) inanipa 36. Kazi inataka kama dakika 45. Naelekea kufuata ya kwanza maana ndiyo mpya. Naombeni majibu ya haraka.

sangara_choma: Mita 18 kwa ajili ya sato? Hao samaki wana mkataba mzuri kuliko wangu.

MamaNansio: Mdogo wangu, usisahau kichocho. Konokono wake wanakaa kwenye magugu ya ufukweni, kwa hiyo pandeni mtumbwi na mwingilie maji huko mbele, msitembee kwenye maji ya magotini. Baadaye ukapime.

Pumzi_Ndefu: Turudi kwenye swali. Hesabu ya Bühlmann, wa Zurich, inachukua mwili kama tishu 16, kila moja na kasi yake ya kunyonya naitrojeni, gesi ya hewani inayodhuru ikitoka mwilini kwa haraka. Ya polepole kabisa inajaa nusu kwa dakika 635. Hiyo 85 maana yake unafika juu ukiwa umetumia asilimia 85 ya kiwango kinachoruhusiwa. DSAT ilitengenezwa kwa mbizi za burudani zisizo na vituo, na kwenye mbizi ya kwanza huwa na mkono mwepesi, yaani inatoa dakika nyingi. RGBM, hesabu ya kwenye kompyuta za Suunto, nayo ina tabia yake: inakukata dakika ukirudia mbizi kwa mapumziko mafupi au ukipanda kwa pupa. Lakini dakika 19 hazitoki kwenye algoriti (aina ya hesabu) peke yake. Leo ulishashuka? Na zote mbili zilikuwa mkononi?

Kamba_Nanga: Asubuhi nilishuka mita 14 tu, kama dakika 50, halafu tukapumzika kama lisaa. Nilivaa ya pili peke yake, ya kwanza ilikuwa kwenye begi. Ila mita 14 si kina cha kuongelea, na ninajisikia vizuri kabisa.

Pumzi_Ndefu: Basi hiyo 55 ni ya mtu ambaye leo hajagusa maji. Kompyuta inahesabu kile ilichozamia yenyewe, na mbizi ya asubuhi huwezi kuiingiza baadaye. Kujisikia vizuri hakupimi naitrojeni.

Mzee wa Facts: Hii chai, tena haina sukari. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, linaandika dakika 56 kwa mita 18, na hiyo ni ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria lipo mita 1,134. Mashine iliyopo Mwanza kweli haiwezi kukupa 55. Mleta uzi umeokota namba mtandaoni ukatutengenezea stori.

sangara_choma: Mods, leteni vikombe.

Kamba_Nanga: Sina muda wa kutunga. Nimefungua mipangilio sasa hivi: mwinuko 0–300, maji ya chumvi. Niliinunua kwa mtu wa Zanzibar, sijaigusa. Lakini si mashine hizi zinajirekebisha zenyewe?

Mzee wa Facts: Ahaa. Nafuta chai. Nyingine zinajirekebisha ukiziwasha, nyingine lazima uziweke kwa mkono, na yako ni ya mkono. Iweke ngazi inayoanzia mita 300 hadi 1,500. Hapo ulipo shinikizo la hewa ya juu ya maji ni kama asilimia 88 ya ile ya pwani, kwa hiyo mita 18 zinahesabika karibu 21. Kwenye jedwali unasoma mstari wa mita 22: dakika 37, na hizo ni za mbizi ya kwanza. La chumvi ni dogo. Linapunguza namba ya kina kwa asilimia 3 hivi, ila hesabu ya naitrojeni inafuata shinikizo.

Kamba_Nanga: Nikiirekebisha sasa nikashuka nayo?

Pumzi_Ndefu: Bado haijui ya asubuhi. Ikae kwenye begi, fuata ya pili: 36 ndiyo dari, na mwenzako akiwa na chache zaidi mnafuata zake. Panda si zaidi ya mita 9 kwa dakika, simama mita 5 kwa dakika 3. Hata ungekuwa hujashuka asubuhi, hiyo 40/85 ingekupa kama dakika 40 hapo Mwanza. Dakika 45 haipo. Kagueni nusu ya nanga leo, nusu kesho.

Kamba_Nanga: Kesho haiwezekani mkuu. Usiku huu tunaondoka na gari kwenda Arusha, tunakatiza Serengeti.

Mzee wa Facts: Usiku gani huo, geti la Serengeti linafungwa jioni! Chai imerudi mezani.

Pumzi_Ndefu: Iwe chai au isiwe chai, barabara hiyo inapanda ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200. Kwa mwili wako ni sawa na kupanda ndege. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 18 baada ya mbizi za kurudia kabla ya kupanda ndege. Ukishuka mchana huu, gari liondoke kesho asubuhi. Hata mkipita Shinyanga na Singida, huko nako kunapanda, hivyo saa ni zilezile.

MamaNansio: Na kichocho mmekiacha hivyohivyo.