Nani alipie barabara na mitaro kabla viwanja havijauzwa?

mkazi_wa_chanika
Ndugu wanajukwaa, salaam. Chama chetu cha akiba na mikopo kimenunua shamba la ekari 40 nje kidogo ya Chanika, Dar es Salaam, na tunakusudia kulipima ili wanachama wajenge. Tukiacha takribani asilimia 35 kwa ajili ya barabara, shule na maeneo ya wazi, tunabaki na viwanja kama 175 vya mita za mraba 600. Gharama ya upimaji imo tayari kwenye bei. Kinachotugawa ni barabara, mitaro na bomba la maji: wengi wanasema hayo ni ya serikali na yatafuata watu wakishahamia, wachache tunasema yasipolipiwa mapema hayatafuata. Mzigo huu ugawanyweje kati ya mnunuzi na halmashauri?

mpimaji_mstaafu
Ndugu, swali lenu lina umri mkubwa katika jiji hili. Sinza na Kijitonyama zilipotengenezwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, barabara na maji vilitangulia, kisha mwananchi akajijengea nyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulifuata njia nyingine: Wizara ya Ardhi ilikopa takribani shilingi bilioni 8.9 kutoka Hazina, ikalipa fidia kwa wenye mashamba, ikapima maeneo kama Mbweni, Kibada na Tuangoma, kisha ikarejesha mkopo kwa fedha za mauzo. Kama hesabu ya fedha, ulikuwa mpango mzuri, kwa sababu mauzo yalilipa deni. Lakini bei ile ilibeba fidia, upimaji na barabara za udongo tu, hivyo maji na umeme vikasubiri bajeti za mashirika husika, na waliojenga mapema walikaa miaka mingi wakinunua maji ya maboza. Wanaosema huduma zitafuata wamesema kweli nusu, maana hawajasema zitafuata lini.

mhasibu_wa_mtaa
Naheshimu maelezo ya mzee wangu hapo juu, ila nina shaka na kila kitu kuwekwa kwenye bei ya kiwanja. Mwanachama wa kipato cha chini akiona bei imepanda ataondoka aende kwa dalali, anunue eneo lisilopimwa, na baada ya miaka kumi tutakuwa tunazungumzia urasimishaji wake, yaani kulipima na kulitambua kisheria watu wakiwa wameshajenga. Kwa muda mrefu nilidhani jibu ni kodi ya majengo, hadi nilipoipigia hesabu. Ilipoanza kukusanywa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, Julai 2021, nyumba ya kawaida ilitozwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa nyumba zenu 175 hiyo ni shilingi milioni 2.1 kwa mwaka mzima, hata kama yote ingerudi mtaani kwenu. Fedha hiyo haijengi hata kalavati moja la maana.

Ushauri wangu ni kutenganisha huduma yenye bili na ile isiyo na bili. Maji yanauzwa, kwa hiyo yanakopesheka: mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya miaka kumi mwaka 2024 na kupata zaidi ya shilingi bilioni 53, na wawekezaji watalipwa kutokana na ankara za wateja. Umeme una hali hiyo hiyo. Barabara ya mtaa na mtaro havina ankara, wala hakuna atakayekukopesha kwa kuvitegemea. Chanzo pekee kilicho mikononi mwenu ni ongezeko la thamani ya ardhi, nalo hupatikana mara moja tu, siku ya kuuza. Kwa hiyo mitaro na barabara viingie kwenye bei, mwanachama alipe kwa awamu za miaka mitatu au minne, na bomba kuu mwachieni mwenye kutoza ankara.

mpimaji_mstaafu
Hapo nakubaliana nawe, kwa nyongeza moja. Msiuze viwanja vyote kwa pamoja. Uzeni theluthi ya kwanza iliyo karibu na barabara kuu, fedha yake ichonge barabara na mitaro ya theluthi ya pili, ambayo nayo itauzwa kwa bei nzuri zaidi kwa kuwa mnunuzi anaona gari linapita. Na mtaro uanzie bondeni kupanda juu. Nimewahi kuona eneo lililoanza juu. Mvua za masika za mwaka uliofuata zilipeleka maji yote sebuleni kwa majirani wa chini, na fidia waliyodai ilizidi gharama ya mtaro wenyewe.

mkazi_wa_chanika
Nawashukuru wote. Hoja ya bili nitaifikisha kwenye mkutano wa Jumamosi. Linabaki jambo moja: mtaro wetu lazima upite katika shamba la jirani ambaye si mwanachama ili ufike korongoni, na anadai alipwe. Tumefikiria kumpimia shamba lake bure, naye aachie ukanda wa mita sita. Kama kuna aliyewahi kuandika makubaliano ya namna hiyo, naomba anieleze yalisajiliwa wapi, na kama mrithi wake atabanwa nayo.