Takataka za kahoteli kangu Kondele zinanimaliza, nyinyi mnapeleka wapi?

MamaChapo_Kondele:
Hamjambo wadau. Niko na kahoteli hapa Kondele, chapo, maharagwe, sukuma, jioni samaki. Wateja wako, shukrani kwa Mungu, shida ni takataka. Kwa siku natoa gunia moja na nusu, maganda ya viazi na ndizi, mabaki ya sahani, chupa za maji na soda, makatoni, trei za mayai, na kila Ijumaa mafuta ya kukaangia yakishakuwa meusi. Kijana wa kubeba alikuwa ananitoza mia mbili kwa wiki, sasa amepandisha mpaka mia tano na bado anaruka siku, na kwa hii joto ya Kisumu siku ya pili tu nzi wamejaa kama wameitwa harambee. Jirani anachoma zake usiku lakini ule moshi wa plastiki unaingia mpaka kwa chai, sitaki. Nasikia kuna watu wanauza takataka, ni ukweli ama ni stori tu? Na mafuta nimwage wapi, msiniambie mtaro, nilijaribu ukaziba mbele ya mlango wangu mwenyewe.

skrepa_kibuye:
Ni ukweli mama, lakini hakuna mtu ananunua takataka. Tunanunua plastiki, katoni, chuma. Ukiniletea katoni imelowa supu ya maharagwe nitakuangalia tu. Kwa hivyo usingoje jioni ndio uanze kuchagua, weka gunia mbili na ndoo pale pale jikoni, kitu kikitoka mkononi kinaenda mahali pake. Chupa toa kifuniko, hiyo ni plastiki ingine kabisa. Kama hauamini kata kipande cha chupa na kipande cha kifuniko utupe kwa ndoo ya maji, cha chupa kitazama, cha kifuniko kitaelea. Halafu zikanyage, ama utalipia boda kubeba hewa. Jerikeni usitupe, watu wanatafuta nzima za maji. Trei mrudishie mwenye mayai. Bei siandiki hapa juu inapanda na kushuka, na washindani wangu wamo humu 😂

Mjuaji_Tu:
Si kuna sheria ya 2022 inasema kila mtu atenganishe zinazooza na zisizooza? Mimi nilitenganisha vizuri, lori ikakuja ikamwaga zote pamoja nikiangalia.

skrepa_kibuye:
@Mjuaji_Tu omera ndio maana nasema zitoke kwako kabla lori ifike.

Obunga_Nguruwe:
Maganda si uniletee mimi, niko na nguruwe tisa na hawajawahi kukataa kitu. Mabaki ya sahani pia nachukua lakini lazima nichemshe kwanza, homa ya nguruwe inapitia mabaki ya nyama na ikiingia hakuna dawa, unazika tu. Kitu moja naomba, hakuna tuthpiki, hakuna karatasi ya nailoni, mwaka jana nilipasua mmoja nikapata tumboni kitu kama kamba ya kufunga mzigo. Na kuhusu kutotupa kitu, sisi huku Obunga tulizoea zamani, viwanda vikitoa minofu ya mbuta mgongo unakuja kwetu, unakaangwa, unauzwa. Mgongo wazi ndio ilinilipia fizi mpaka fom foo.

Naks_Shambani:
Niko Nakuru, mimi ni wa mbolea. Ya kwanza ilinuka mpaka mwenye ploti akaniita kikao. Kosa lilikuwa maganda matupu, maji mengi na hewa hakuna, yakaoza kama maiti. Sasa kila ndoo ya maganda naweka juu yake ndoo mbili hivi za maranda ama majani makavu, kila wiki nageuza na uma. Ukiingiza mkono katikati unasikia moto, hapo ujue inafanya kazi. Samaki na nyama usiweke, utaalika panya wote wa mtaa. Kama hauna shamba sioni faida yake kwako, mpatie tu huyo wa nguruwe.

sabuni_ya_mama:
Mafuta usimwage! Chuja na kitambaa, hiyo ni sabuni ya kufulia. Unatengeneza na kostiki soda lakini tafadhali soda ndio inaingia kwa maji, kamwe usimwagie soda maji, itachemka ikurukie uso. Vaa glavu, fanyia nje, usitumie sufuria ya aluminiamu juu soda inaila. Pima na mizani, usikisie, soda ikizidi itachuna mikono. Ikishika kata vipande, acha wiki nne mpaka sita ndio utumie. Itanuka samaki kidogo, siwezi kudanganya, lakini kwa tambara za jikoni iko sawa.

MamaChapo_Kondele:
Erokamano sana. Leo nimeanza na gunia mbili na ndoo, msichana wangu wa kuosha vyombo ameshinda akinicheka ati nimeleta shule jikoni. Kufika saa nane mchana gunia la chupa limejaa na ndoo ya maganda imejaa, kitu cha kutupa kabisa kimebaki karatasi moja ya unga, imejaa nusu. Sabuni nitajaribu watoto wakienda ushago. @Obunga_Nguruwe nitumie namba inboksi ukuje kesho jioni, lakini ndoo urudishe siku hiyo hiyo, mbili zangu zilienda na mtu wa nguruwe kama wewe na mpaka leo sijaziona.